Tulilipia ziwa la chumvi Djibouti, kumbe mali yenyewe iko njiani (nyota 3 kwa 5)

Mimi si mtalii wa kazi, niseme hilo mwanzo. Natoa mizigo bandarini Mombasa, na mwezi wa pili nlipelekwa Djibouti kufuata makontena mawili yaliyokwama kwa makaratasi, nikaambiwa ni siku nne, zikawa kumi na sita. Sasa Djibouti Ijumaa ofisi zimefungwa, hoteli ghali kama umelala Dubai, jua la kukukausha mpaka mate, ukikaa chumbani utaishia kuongea na ukuta. Mwenzangu alikuwa jamaa wa Goma, Kongo, naye yuko pale kwa mzigo wake. Yeye Kifaransa chake maji, mimi nina Kiarabu changu cha madrasa, tukiwa wawili tunaongea Kiswahili, chake cha Kivu na changu cha Mombasa, na tunaelewana vizuri tu mpaka aanze kuhesabu, hapo anahamia Kifaransa na mimi nabaki nimeachwa stejini.

Yeye ndo aliyetafuta kampuni. Siitaji jina, sitaki maneno, na ukweli ziko nyingi na zote zinauza kitu kimoja, uliza mapokezi ya hoteli yoyote utapewa namba. Tukaandikiana WhatsApp. Bei faranga 25,000 gari zima, na faranga yao haichezi, dola moja ni 177 na pointi miaka nenda miaka rudi, kwaivo ni kama dola 140 tugawane wawili. Ahadi: Land Cruiser yenye AC, maji ya kutosha, chakula cha mchana, mwongozaji wa kueleza mambo, na kurudi mjini kabla ya Magharibi. Nusu ya pesa mbele. Wakatuma na picha nane, ziwa jeupe pe, maji buluu, msichana amelala juu ya maji anasoma gazeti, zote nane ni ziwa. Hata moja ya volkeno hakuna. Hiyo ndo sababu nimekaa chini kuandika haya, maanake ukienda kwa zile picha utaona ziwa, utarudi, na utakuwa umepita juu ya kitu ambacho watu wanatoka Ulaya na vyombo vyao kuja kukipima na wewe ulikuwa unachezea simu.

Saa kumi na mbili asubuhi tuko mlangoni. Gari lilikuja saa moja na nusu. Land Cruiser ni kweli, lakini ya rika langu, na ile AC ilikuwa inapuliza upepo, sitosema baridi, upepo. Mwongozaji hayupo, anaumwa, dereva ndo dereva na ndo mwongozaji. Dereva mwenyewe kijana wa Kiafar, kabila la wenyeji wa kule, mpole, ameshika usukani kama mtu anayejua anabeba watoto wa watu, na niseme mapema kabisa mabaya yote ya siku hiyo ni ya ofisi, yeye hana lake.

Njia ya kutoka mjini ni ile ile ya malori ya Ethiopia, yamefuatana kama ya Mariakani siku ya foleni, mimi nikawa naangalia namba za makontena kwa mazoea mpaka mwenzangu akanambia mukubwa leo ni likizo. Kando ya barabara kuna nyani wenye manyoya marefu mabegani, wanakaa wakisubiri madereva wawarushie chochote, usifungue kioo. Alafu mnakata kulia, malori mnayaacha, na pole pole dunia inakuwa nyeusi. Mawe meusi, vilima vyeusi, mbuzi sijui wanakula nini, na vibanda vya Waafar vya mikeka vilivyoinama chini ya upepo.

Kituo cha kwanza ni juu ya Ghoubbet. Jina kamili ni Ghoubbet al-Kharab, na ile kharab ni hii hii haribu yetu, kwaivo unajua wenyeji wanaionaje. Ni ghuba ya mviringo karibu imejifunga kabisa, mlango wake wa kutokea Ghuba ya Tadjoura ni mwembamba na maji yanapita kwa nguvu, na katikati kuna visiwa vilivyochongoka ambavyo ni volkeno. Dereva akasema dakika kumi, pigeni picha, twende. Hapo kwa mara ya kwanza nikakataa. Kwa sababu pale juu ukisimama ukageuka huku na huku unaona kitu kizima kwa pamoja: mkono wa kulia bahari, mkono wa kushoto ardhi inashuka kwa ngazi ngazi nyeusi, na mbele kabisa kwenye ukungu wa joto kuna mstari mweupe, ndo ziwa Assal. Kati ya bahari na lile ziwa ni kama kilomita 10 tu. Na ziwa liko mita 155 chini ya usawa wa bahari, hakuna mahali pakavu Afrika panapofika chini zaidi ya hapo. Yani bahari iko juu, shimo liko chini, na kilichozuia bahari isimwagike ni lile rundo la lava katikati.

Wacha nieleze kidogo, maanake mwongozaji hakuwepo na haya nlisoma mwenyewe usiku hotelini mpaka saa nane, na mengine nlikuwa nayajua juu juu kwa sababu sisi Wakenya habari za kupasuka tumezizoea. Chini ya Bahari Hindi kuna mgongo mrefu wa milima ya volkeno, pale ndo sakafu ya bahari inazaliwa. Huo mgongo unaingia Ghuba ya Aden, unapita katikati yake, unaingia Ghuba ya Tadjoura, unaingia Ghoubbet, alafu unapanda nchi kavu. Hapo hapo. Kwengine duniani karibu kote hiyo kazi inafanyika gizani chini ya maji kilomita mbili tatu, ukitaka kuiona ukiwa umevaa ndara ni Iceland au ni hapa, na Iceland kuna baridi.

Sasa kwa nini kuna moto mahali nchi inapoachana. Mimi nlikuwa nafikiri moto unapanda kwa sababu kuna ufa, kama mchuzi unavyotoka kwenye sambusa iliyochanika. Si hivo tu. Mwamba wa kule chini ni wa moto sana tayari, lakini haujayeyuka kwa sababu umekandamizwa na uzito wa juu. Bara likivutwa huku na huku linakuwa jembamba, kama unga unapousukuma chapati, uzito unapungua, mwamba wa chini unapanda, na ukishapunguziwa ule mkandamizo unayeyuka wenyewe bila mtu kuongeza moto. Ndo unapata lava. Na mahali pengine chini palikuwa na joto la ziada, kwaivo kabla hata bahari haijafunguka lava ilimwagika kama mafuriko. Hapa ilikuwa kama miaka milioni 30 iliyopita, Ethiopia na Yemen zikiwa bado kitu kimoja, lava ikafunika nchi juu ya nchi, upande wa Ethiopia kuna mahali unene wake unafika kilomita 2. Alafu bara likakatika katikati. Kwaivo leo mtu wa Sanaa na mtu wa nyanda za juu za Ethiopia wanajengea jiwe moja, na katikati yao kuna Bahari ya Shamu. Ghuba ya Aden ndo ilitangulia kupata sakafu yake, imepita miaka milioni 15, Bahari ya Shamu ikafuata kama milioni 5 hivi. Hata kule Atlantiki ya kaskazini ni hadithi hii hii, Greenland na Uskoti zina lava za zamani za siku zilipoachana, lakini kule imekwisha, imezikwa, wanachimba chini ya bahari kuitafuta. Hapa bado inapikwa.

Basi tukashuka. Dereva alitaka kupita moja kwa moja mpaka ziwani, ofisi imemwambia ziwani saa tatu na nusu kwa sababu kuna gari lengine linamsubiri yeye mchana, hilo sisi hatukuambiwa. Mwenzangu akaongea naye kwa Kifaransa, sijui alimwambia nini, lakini kijana akacheka, akazima simu yake, akaegesha.

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo nyota zote tatu zimetoka.

Unashuka garini unaingia kwenye lava ya 1978. Mahali panaitwa Ardoukoba. Mwezi wa Novemba mwaka huo, nchi ina uhuru wa mwaka mmoja na miezi, ardhi ilianza kutetemeka, ikapasuka, lava ikatoka kama wiki moja hivi, alafu ikanyamaza na haijatoka tena. Lakini sikiliza hii: wanasayansi walikuwa washaweka alama zao za kupimia kule miaka ya nyuma, wakarudi wakapima, wakakuta pande mbili za bonde zimeachana kama mita 2. Kwa wiki! Mwendo wa kawaida pale ni milimita kumi na sita hivi kwa mwaka, nusu ya kasi ya kucha yako, kwaivo ilikuwa deni la miaka zaidi ya mia limelipwa kwa mkupuo. Dereva anasema babake alikuwa kijana anachunga, mbuzi walikataa kunywa maji siku mbili kabla. Mimi mambo ya mbuzi siwezi kuthibitisha.

Hiyo lava ukiiangalia kwa karibu ina sura mbili. Kuna mahali imejikunja kama utando wa uji uliopoa, mikunjo laini moja juu ya nyengine, unaona kabisa ilikuwa inatembea ikasimama. Na kuna mahali imevunjika vunjika makali matupu, viatu vyangu vya raba vimechanika pale, nenda na viatu vya maana. Nikaokota kipande, chepesi kuliko nilivyotegemea, ndani vitundu vitundu kama vibibi vilivyoiva vizuri, ni gesi ilikuwa inatoka. Nikakirudisha. Mwenzangu wa Goma akachuchumaa, akakigeuza, akakibisha na kengine, akasema, mukubwa, haya ni makoro, makoro kama ya kwetu, niko nayajua. Kwao Goma nyumba zinajengwa kwa makoro, yani haya mawe ya lava, na zinajengwa juu ya makoro. Lava ya Nyiragongo, volkeno yao, ilipita katikati ya mji Januari 2002, ikarudi tena Mei 2021 ikasimama pembeni mwa mji, yeye mara zote mbili alikuwepo. Tulikuwa tumecheka njia nzima, pale hakucheka. Akaniuliza tu, hapa walikufa wangapi, nikamwambia hapa hakuna mji. Akasema, basi hapa ni pazuri.

Kijana wetu, mwongozaji wa kulazimishwa, akasema njooni huku. Akatupeleka kama dakika kumi kwa miguu mpaka kwenye ufa wenyewe. Si mmoja, ziko nyingi zimekwenda sambamba, lakini huu ulikuwa na upana wa mtu kuchanua miguu. Nikaweka mguu mmoja upande huu na mmoja upande ule. Chini giza. Ukuta wa huku na ukuta wa huku unaona kabisa vinaingiana, kibonge cha huku kina shimo lake kule, kama mkate umeukata kwa mikono. Nikadondosha kijiwe, kiligonga mara tatu nne alafu sikusikia tena. Kwa mujibu wa vitabu mguu wangu wa kulia ulikuwa unakwenda Arabuni na wa kushoto unabaki na Afrika, japo ukiwauliza wajuzi watakwambia mpaka si mstari mmoja ni bonde zima, sawa, lakini mimi nlisimama pale na picha ninayo.

Na bonde lenyewe lina mpangilio wake. Katikati lava nyeusi changa, ukienda pembeni huku na huku inakuwa ya kahawia, ya zamani zaidi, na kuta zinapanda kwa ngazi. Kila wakati nchi ikivutwa, lava inaingia kwenye ufa kama ubao mwembamba, inaganda, kuta zinasukumwa mbali, alafu baadaye inapasuka tena katikati. Fundi wangu wa kanzu pale Mwembe Tayari hufanya hivo hivo nikinenepa, anafumua katikati anashonea kipande, kanzu inapata upana na pembeni hapajaguswa. Sakafu ya bahari yote imeshonwa hivo. Tofauti ni kwamba hapa maji hayajaingia.

Au yameingia kwa mlango wa nyuma. Ziwa Assal halina mto wa maana unaoliingia, maji yake mengi ni ya bahari, yanatoka Ghoubbet yanapenya chini kwa chini ndani ya zile nyufa, yanapata joto njiani, yanatokea ziwani kama chemchemi za moto. Kufika pale jua linayanywa yanabaki chumvi. Kwaivo ukiona ziwa bila kuona nyufa umeona sinia bila kuona jikoni. Kampuni inakuuzia sinia.

Kuna jambo moja la kwetu nimelijua pale na sikutegemea. Lile joto la chini wamelitafuta tangu miaka ya 70 wapate umeme, na mwaka 2021 KenGen, kampuni yetu ya kuzalisha umeme, ilisaini mkataba wa kuchimba visima vitatu eneo hilo hilo la Assal. Jamaa wa Olkaria, wale wa umeme wa mvuke wa ardhini! Nlijivuna mbele ya mwenzangu kama nlichimba mimi. Na si ajabu, Bonde la Ufa letu na hili ni ndugu, yanakutana kwenye eneo la Afar, mikono mitatu: Bahari ya Shamu, Ghuba ya Aden, na hili letu linaloshuka mpaka kwetu. La kwetu ndo la polepole kuliko yote, milimita chache kwa mwaka. Mnakumbuka 2018 ule ufa wa Suswa kwetu Kenya, barabara ya Narok ilikatika na dunia nzima ikasema Afrika inapasuka leo, alafu wajuzi wakaja kusema ni mvua imesomba majivu ya zamani ya volkeno yaliyojaa chini? Mimi nlikuwa mmoja wa waliosambaza ile video kwa magrupu yote, pamoja na la msikiti. Ukitaka kupasuka kwa kweli soma ya Septemba 2005 upande wa Ethiopia, Dabbahu, ufa wa kilomita 60 ulijaa lava chini kwa chini, na nchi ikaachana mpaka mita 8 kwa siku chache. Hiyo sikuiona, naitaja ili mjue Ardoukoba ni mdogo wake.

Haya, ziwa. Ni zuri. Sasa siwezi kusema si zuri kwa kuwa nimekasirika na ofisi. Chumvi imeganda nyeupe kama umemwagiwa theluji kwenye jiko la makaa, pembeni maji ni ya kijani alafu buluu, na chumvi yake ni kama mara kumi ya bahari, unaketi ndani ya maji yanakubeba kama kiti. Lakini zingatia: nlikuwa nimenyoa ndevu asubuhi. Sitaeleza. Na mwenzangu alikuwa na mchubuko wa kifundo kutoka kwenye lava, alitoka majini kwa kasi ambayo sijawahi kuona kwa mtu wa kilo zile. Chini ya miguu chumvi imeganda kwa ncha ncha, usiingie peku. Ukitoka unahitaji maji baridi ya kujisuuza maana ukikauka unakuwa mweupe na unawashwa, na hapo ndo tukagundua maji ya kutosha yaliyoahidiwa ni chupa sita ndogo, za kunywa, na nne tushazinywa.

Chakula cha mchana: mkate mrefu wa Kifaransa na samaki wa kopo, umekaa ndani ya gari tangu alfajiri. Kivuli hakuna, tulikula tumesimama upande wa gari wenye kivuli cha nusu mita. Wauzaji wako pale, Waafar, wana mipira ya chumvi iliyoviringika yenyewe majini, na vichwa vya mbuzi vilivyovaa chumvi mpaka vinang'ara, hivyo vya mbuzi vinaogopesha kidogo lakini Wazungu wananunua. Bei inajadilika, wasikusumbue, wao hawakusumbui, wanakaa tu wanakutazama. Nikanunua mipira minne na mfuko wa chumvi ya kupikia. Kwa sisi watu wa meli kuna jengine la kutazama, ng'ambo kule wanachimba chumvi kwa mashine, na Ghoubbet kuna bandari iliyofunguliwa 2017 ya kuipakia, gati moja imekaa peke yake kwenye mawe meusi. Dereva hakuelewa kwa nini nimetumia robo saa kupiga picha gati.

Kurudi, pancha. Si kosa la mtu, lava ni kisu. Kosa ni kwamba spea ipo, jeki haipo. Jua saa nane, barabara tupu, simu mtandao unakuja unaondoka. Tulikaa saa nzima na dakika ishirini mpaka lori likapita, dereva Muhabeshi, akasimama bila kupungiwa mara mbili, akatoa jeki yake, akatufungia tairi yeye mwenyewe kwa sababu anasema sisi tunachelewesha, akakataa pesa, akakubali sigara za mwenzangu. Huyo mpe nyota 5. Mjini tuliingia saa mbili usiku, Magharibi imetupita njiani.

Ofisini kesho yake nikaenda kudai. Si pesa yote, nlidai ya mwongozaji na ya chakula. Meneja akanambia mwongozaji alikuwepo, dereva si alieleza? Nikamwambia kaka, dereva alitupeleka mahali ambapo wewe ulimwambia asisimame, hiyo ya dereva nimeshampa mwenyewe mkononi. Akanambia kwenye makubaliano kumeandikwa ziwa, na ziwa mumeliona. Hapo alikuwa na haki, nikiangalia ile meseji kweli imeandikwa ziwa tu. Akanipa faranga 2,000 kwa ajili ya maji na akaniomba niandike maoni mazuri. Ndo haya.

Ukienda, fanya hivi. Kubaliana kabla ya kulipa kwamba mnasimama Ardoukoba na kwenye nyufa, kwa muda wa masaa mawili kamili, na mwambie aandike kwa meseji na jina la mahali, la sivyo utaambiwa ziwa umeliona. Omba gari litoke saa kumi na moja alfajiri, kwenye lava saa nne jua lishakuwa kali. Uliza jeki, nishike mkono, uliza jeki. Beba maji yako lita tano kwa kila mtu, mbili za kunywa na zilizobaki za kujisuuza. Nenda kati ya Novemba na Februari, kiangazi chao joto linapita 40 na mawe yale meusi yanarudisha mengine juu. Ukijua Kifaransa au Kiarabu au Kisomali ni vizuri, kama hujui tafuta Mkongomani. Na anza na lava, ziwa liwe mwisho, maana ukishaingia kwenye ile chumvi hutakuwa na hamu ya kutembea popote.

Jioni ile ya kurudi tulikula samaki wa Kiyemeni mjini, amepasuliwa mgongoni akafunguliwa kama kitabu, akapakwa pilipili nyekundu, akabandikwa kwenye tanuri, unapewa na mkate mkubwa kama sinia. Hiyo ni rivyu nyengine, na ni nyota 5 bila majadiliano.

Ile mipira ya chumvi nlimpelekea mama. Ameigonga mmoja na mchi, akaonja, akasema hii ni kali, haifai kwa mchuzi, angenunua ya Gongoni, chumvi ya kwetu Pwani, kwa shilingi kumi. Mitatu iko juu ya televisheni na imeanza kutoa maji kwa unyevu wa Mombasa.